Kinywe, Korosho na Mwanga Usiounguza

Kwa vizazi vingi, mtu wa wilaya ya Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, aliyetaka kuona usiku alilazimika kuunguza kitu. Aliwasha kuni, akawasha koroboi, na mwenye uwezo akapiga pampu karabai. Vyombo hivyo vyote vina njia moja ya kufanya kazi: kwanza vinatengeneza joto, kisha joto likizidi sana linatoa mwanga kidogo. Mwali wa njano wa koroboi ni punje za masizi zilizopashwa mpaka zikawaka. Zikitoka nje ya mwali zinapoa, zinabaki nyeusi kwenye dari na ndani ya pua za waliolala humo. Karabai ina ujanja zaidi. Ile soksi yake, ambayo kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa oksaidi ya thoriamu iliyotiwa seriamu kidogo, kama alivyogundua Mwaustria Carl Auer von Welsbach, hupashwa na mvuke wa mafuta ya taa unaowaka hadi iwe nyeupe. Hata hivyo sehemu kubwa ya nishati ya mafuta huishia kupasha hewa ya chumba.

Kijiti cha plastiki wanachovaa watoto mkononi kwenye sherehe hakifuati utaratibu huo. Ukikikunja, kichupa cha kioo kilichomo ndani kinavunjika. Ukikitikisa kinang'aa kijani, njano au buluu kwa saa kadhaa, na wakati wote huo kiganja hakihisi joto. Hakina betri wala utambi. Nishati yake inatoka wapi? Kwa nini haipitii kwanza kwenye joto? Na kama mtu ameweza kupata mwanga bila kuunguza chochote, kwa nini mwanga huo haujaingia majumbani? Haya ni maswali ya kemia ya kawaida kabisa, na nathubutu kusema kwamba mwalimu wa sekondari wa Ruangwa ana vifaa zaidi vya kuyajibu kuliko mwenzake wa miji mingi mikubwa, maana mfano wa karibu kila hatua upo ardhini au shambani kwake.

Tuanze na kilichomo. Kijiti kina vimiminika viwili vilivyotenganishwa. Kimoja, ambacho kwa kawaida ndicho kilichofungiwa kwenye kichupa cha kioo, ni haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa, ndugu wa ile inayotoa povu kwenye kidonda pale zahanati na inayopausha nywele saluni. Kingine, kilichojaza bomba la plastiki, kina rangi pamoja na esta ya asidi ya oksaliki. Asidi hiyo si ngeni, kwani imo kwenye majani ya mchicha. Katika kijiti imebandikwa fenoli kila upande, na fenoli zenyewe zimetundikwa atomu za klorini. Klorini huvuta elektroni kuelekea kwake, na kwa kufanya hivyo inalegeza maungio ili fenoli ing'oke kwa urahisi wakati ukifika.

Wakati huo ni kioo kinapovunjika. Peroksaidi inaivamia esta, fenoli mbili zinaachia, na kinachobaki ni kimolekuli kisicho na utulivu: kaboni mbili na oksijeni mbili zilizobanwa katika pete ya pembe nne, kila kaboni ikiwa na oksijeni nyingine pembeni. Kaboni ya aina hiyo hupenda vifungo vyake viachane kwa nyuzi 120 hivi. Hapa inalazimishwa kukaa karibu na 90. Tena kifungo kati ya oksijeni na oksijeni ni dhaifu kwa asili. Pete hiyo ni mtego wa panya uliokwisha kutegwa: nguvu yote imehifadhiwa kwenye mkunjo, na inasubiri kuguswa. Ikifyatuka inagawanyika kuwa molekuli mbili za kaboni dayoksaidi, gesi tulivu mno, na tofauti yote ya nishati kati ya mkunjo ule na utulivu huu inatoka kwa mkupuo mmoja. Wanakemia wamebishana kwa miongo juu ya umbo kamili la kimolekuli hicho, kwa kuwa hakiishi muda wa kutosha kukamatwa na kupimwa kwa raha. Pete ya pembe nne ndiyo inayoeleza matokeo vizuri zaidi.

Hapa ndipo kijiti kinapoachana na koroboi. Katika moto, nishati inayotoka kwenye mmenyuko inasambaa upesi kwa molekuli za jirani. Zinatetemeka, zinagongana, nasi tunaiita hali hiyo joto. Ili joto lizae mwanga wa kijani inabidi lipande sana. Fotoni za kijani zinahitaji kilojuli 230 hivi kwa kila moli, ilhali nishati ya mtikisiko wa kawaida wa molekuli kwenye chumba chetu ni kilojuli 2.5 tu kwa moli. Pengo hilo ni karibu mara mia. Ndiyo maana jiwe lililoanikwa juani mchana kutwa haling'ai jioni, na ndiyo maana moto lazima ufike nyuzi zaidi ya elfu moja kabla haujatusaidia kusoma.

Katika kijiti nishati haipewi nafasi ya kusambaa, kwa sababu molekuli ya rangi iko jirani. Maelezo yanayokubalika zaidi, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 na Mmarekani Gary Schuster, ni kwamba rangi inaikopesha ile pete elektroni moja. Pete inapasuka kwa mkopo huo, kisha elektroni inarudi kwa mwenyewe, lakini inarudi kwenye ngazi ya juu kuliko ile iliyoondokea. Rangi imeingia katika hali ya msisimko. Ndani ya nanosekunde chache elektroni inashuka hadi ngazi yake ya zamani, na urefu wa ngazi iliyoshuka unatoka kama fotoni moja. Rangi haikuungua wala haikubadilika. Iko tayari kwa pete nyingine. Kinachokwisha kwenye kijiti kilichozimika ni esta na peroksaidi.

Kutokana na hilo, rangi ya mwanga haiamuliwi na mmenyuko bali na molekuli iliyoikopesha pete elektroni. Mmenyuko ni uleule katika kijiti cha buluu na cha njano. Na hapa ndipo Ruangwa inapoingia kwa uzito, kwa sababu wilaya hiyo imekalia kinywe. Miradi ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo imelifanya jina la Ruangwa lisomwe na wawekezaji wa Australia ambao huenda hawajui hata barabara ya kwenda huko. Kinywe ni kaboni tupu, iliyopangwa katika karatasi za pete za pembe sita zinazoungana pande zote, karatasi juu ya karatasi, umbali wa nanometa 0.335 kati ya moja na nyingine. Ukimega karatasi hiyo ukachukua pete moja tu na kuzifunga kingo zake kwa haidrojeni, unapata benzini. Pete tatu kwa mstari zinakuwa anthrasini, nne tetrasini, tano pentasini.

Sasa tazama kinachotokea kadiri pete zinavyoongezeka. Elektroni za molekuli hizi hazikai kwenye kifungo kimoja. Zinatembea juu ya uwanja wote wa pete. Uwanja ukipanuka, ngazi za nishati zinakaribiana. Benzini haina rangi kabisa, kwani ngazi zake ziko mbali mno na inameza mwanga wa urujuanimno tu. Anthrasini bado ni nyeupe kwa macho, lakini ikisisimuliwa inatoa mwanga wa buluu. Tetrasini ni ya rangi ya chungwa. Pentasini ni buluu iliyoiva. Ukiendelea hivyo hadi karatasi isiyo na mwisho, pengo kati ya ngazi linatoweka, mwanga wa kila rangi unamezwa, na unapata kitu cheusi chenye mng'aro kama wa chuma, kinachopitisha umeme na kuchafua vidole: kinywe cha Ruangwa.

Watengenezaji wa vijiti wanachagua vituo vya mwanzo vya safari hiyo. Kijiti cha buluu hutumia anthrasini iliyoongezwa pete mbili za pembeni, inayotoa mwanga wa nanometa 430 hivi. Cha kijani hutumia anthrasini iliyorefushwa mikono, ili uwanja wa elektroni uwe mpana kidogo. Cha njano hutumia rubrini, ambayo uti wake wa mgongo ni tetrasini. Nyekundu ilisumbua kwa muda. Rodamini, rangi iliyotumika mwanzoni, haipatani na peroksaidi na huharibika upesi, hivyo wakahamia kwenye rangi za ukoo wa perilini, yaani pete tano zilizopangwa kama kipande halisi kilichokatwa kwenye karatasi ya kinywe. Sijui somo lingine linaloweza kumwonyesha mwanafunzi kwa urahisi hivyo kwamba jiwe jeusi la kijijini kwake na mwanga wa buluu wa bangili ya mtoto ni ncha mbili za jambo moja.

Hakuna anayetengeneza rangi hizo kutoka kinywe, bila shaka. Zinaundwa viwandani kwa kemikali za mafuta ya petroli. Undugu ninaouzungumzia ni wa umbo.

Undugu wa korosho uko karibu zaidi. Peroksaidi na esta zikiachwa peke yake hazina haraka. Mwanga ungekuwepo, lakini hafifu. Kinachoongezwa kuzisukuma ni chumvi ya asidi ya salisiliki, asidi ileile iliyo mzazi wa aspirini na ambayo imo kwenye mafuta ya Whitfield ya kupaka mashilingi. Chumvi hiyo ni besi dhaifu: inainyang'anya haidrojeni peroksaidi chembe yake moja ya haidrojeni, na peroksaidi iliyonyang'anywa inakuwa kali zaidi kuivamia esta. Ukiweka nyingi, kijiti kinawaka kwa nguvu dakika chache na kuisha. Ukipunguza, kinang'aa polepole hadi asubuhi. Kwa kuchezea kipimo hicho watengenezaji wanauza vijiti vya dakika 5 kwa kazi za dharura na vya saa 12 kwa kazi za usiku kucha.

Mtu aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anamfahamu ndugu wa asidi hiyo kwa uchungu. Maji ya ganda yanayobabua vidole yana asidi ya anakadiki kwa wingi, nayo si kitu kingine ila asidi ya salisiliki iliyofungwa mkia mrefu wa kaboni 15. Ganda hilohilo likipashwa moto, asidi inatoa kaboni dayoksaidi na kubaki fenoli yenye mkia, iitwayo kadanoli. Fenoli, salisiliki, kaboni dayoksaidi inayochomoka: majina haya yote ya kwenye kijiti yamo kwenye ganda la korosho, ingawa ganda haling'ai kwa sababu halina pete ya kufyatuka. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanauza korosho zao kupitia chama kikuu chao cha RUNALI, na nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Maganda yanaondoka nazo. Watu wanaolalamikia ajira zinazokwenda na korosho ghafi wana haki, lakini ni mara chache kumsikia mtu akiyalilia mafuta ya ganda, ambayo kiwandani hugeuzwa kuwa gundi, rangi za kuzuia kutu na vifaa vya breki. Nachingwea ilijengewa kiwanda cha korosho enzi za mashirika ya umma. Kingedumu, pengine tungekuwa na wanakemia wa fenoli tangu zamani.

Kipo kingine kinachoamua kasi ya kijiti, nacho watu wa kusini hawawezi kukikwepa: joto la mahali. Mimenyuko mingi ya kemia huongezeka kasi karibu mara mbili joto likipanda kwa nyuzi 10. Muda unaoandikwa kwenye paketi hupimwa katika joto la chumba cha wastani. Novemba, kabla mvua haijaanza, kijiti kitakachofunguliwa Nachingwea kitawaka zaidi na kufa mapema zaidi. Wenye friji wanaweza kukiweka kwenye barafu kikalala karibu kabisa, kisha kikitolewa na kupata joto kinaamka tena. Hakitarudishiwa kilichokwisha kutumika, ila kile kilichobaki kinahifadhika. Mwanafunzi mwenye vijiti viwili vya paketi moja, beseni la maji ya moto kiasi na beseni la maji ya barafu ana jaribio kamili la kasi ya mmenyuko bila maabara.

Historia ya mwanga wa kemia kama huu ni fupi. Mwaka 1928 Mjerumani H. O. Albrecht alieleza mng'ao wa luminoli, ile kemikali ambayo polisi wa upelelezi huitumia kufichua damu iliyofutwa. Mwaka 1963 Edwin Chandross wa maabara za Bell, Marekani, alichapisha kwamba kloridi ya oksaliki ikichanganywa na haidrojeni peroksaidi pamoja na rangi inatoa mwanga wa kushangaza. Ulikuwa hafifu na mchanganyiko wenyewe ulikuwa mkali. Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid wakabadilisha kloridi kwa esta za fenoli, wakapata mwanga mwingi na unaodumu, wakauita Cyalume. Esta bora za maabara zilifika fotoni zaidi ya 20 kwa kila molekuli 100. Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa kati ya wateja wenye hamu, kwa sababu taa isiyo na cheche wala betri inafaa palipo na mvuke wa mafuta, chini ya maji na ndani ya boti la kuokolea watu.

Lakini Rauhut hakuwa wa kwanza. Mvua zikianza, mabondeni mwa wilaya hizi hung'aa kimulimuli, na ukifungua kemia yake unakuta mtego uleule. Kiini chake kinaitwa lusiferini, jina lililotolewa na Mfaransa Raphaël Dubois katika miaka ya 1880 alipochunguza viumbe vingine vinavyong'aa. Mdudu anaiwasha lusiferini kwa ATP, ile sarafu ya nishati inayotumiwa na kila seli hai, na kuiunganisha na oksijeni ya hewa. Inajitokeza pete ya pembe nne yenye oksijeni mbili, inafyatuka, kaboni dayoksaidi inatoka, na kilichobaki kinatoa fotoni ya kijani-manjano. Tofauti ni kwamba kimulimuli hahitaji rangi ya kuazima. Molekuli iliyopasuka ndiyo yenyewe inayong'aa. Pia ana kimeng'enya, lusiferasi, kinachoishika pete mahali pake ili nishati isivujie kwenye maji. Mwaka 1960 Seliger na McElroy walidai kwamba kati ya molekuli 100 za lusiferini 88 hutoa fotoni. Vipimo vya watafiti wa Japani vya mwaka 2008 vikashusha idadi hiyo hadi 41. Hata kwa 41, mdudu anamshinda mhandisi. Na anaweza kuwasha na kuzima apendavyo, kwa kuruhusu au kuzuia oksijeni, jambo ambalo kijiti hakijawahi kuliweza: kikishakunjwa hakirudi nyuma.

Kwa nini basi hatumulikii nyumba kwa mwanga huu? Jibu la haraka ni bei, lakini hesabu inasema zaidi. Chukua kijiti chenye mililita 10 za kimiminika na esta ya kiasi cha moli 0.1 kwa lita. Hiyo ni milimoli moja ya esta. Tuseme kila molekuli kumi zinatoa fotoni moja ya kijani. Mwanga wote uliomo ni juli 23. Usambaze kwa saa 8 na unapata chini ya miliwati moja. Betri ya simu ya kawaida ya mAh 4,000 imebeba juli zaidi ya 50,000. Macho yetu ni mepesi gizani, ndiyo maana kijiti kinaonekana cha maana, lakini kama taa ya kusomea ni ombaomba. Ni alama nzuri ya kusema "niko hapa", si chombo cha kumulika kilicho mbele yako. Meli zinazovua samaki-upanga kwenye Bahari ya Hindi kwa mishipi mirefu huvifunga karibu na ndoana kwa sababu hiyo hasa: samaki anahitaji kuona nukta tu. Vikishatumika, vingi huishia baharini, na hapo sioni cha kuvitetea.

Koroboi lilipoanza kuondoka vijijini, aliyelifukuza alikuwa mwanga baridi wa aina nyingine. Taa ya sola ina kidiodi ambacho elektroni zake, kama zile za rangi ya kijiti, zinashuka ngazi na kutoa fotoni bila kupitia kwenye moto. Umeme ndio unaozipandisha. Mwanga mweupe wa taa hizo uliwezekana baada ya Akasaki, Amano na Nakamura wa Japani kupata diodi angavu ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Na betri ya lithiamu inayoilisha taa hiyo ina upande mmoja uliotengenezwa kwa kinywe, kwa sababu ioni za lithiamu zinaingia na kutoka kati ya karatasi zake bila kuzivunja. Kwa hiyo mchango mkubwa wa Ruangwa katika mwanga wa usiku unapitia kwenye betri, wala si kwenye rangi.

Tukirudi kwenye kijiti, wazazi wajue kwamba si sumu kali, lakini kimiminika chake kinawasha macho na ngozi, na ndani kuna vipande vya kioo. Mtoto akikitafuna asukutuliwe kinywa kwa maji mengi, na kimiminika kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi kwa muda mrefu kabla ya kwenda zahanati. Kisipasuliwe ili kujipaka, wala kisiwekwe motoni.

Kemia ya kimulimuli nayo imepata ajira isiyo ya taa. Miaka ya 1940 William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100 walivyomletea, na kutokana na wadudu hao akathibitisha mwaka 1947 kwamba mwanga wao unategemea ATP. Kwa kuwa kila kilicho hai kina ATP, lusiferasi imekuwa kipimo cha usafi. Mkaguzi wa kiwanda cha chakula anapangusa meza kwa pamba, anaichovya kwenye dawa yenye kimeng'enya hicho, na kifaa kidogo kinasoma mwanga: mwingi ukimaanisha uchafu wa viumbe hai au mabaki ya chakula, kidogo ukimaanisha meza imeoshwa. Kiwanda cha kubangua korosho kinachotaka kuuza kokwa zake kwa wanunuzi wakali wa ng'ambo kinaweza kukutana na kipimo hicho wakati wowote, na majibu yake yanatoka chini ya dakika moja.